Paa haliletwi na ndege: nyumba za wanaorudi zifuate hali ya Kivu

GOMA – Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi nyingi zilizozunguka mji wa Goma zilivunjwa. Familia zilizokuwa zimelala miezi na miaka chini ya turubai zilifunga vyombo na kushika njia ya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Wengine walikuta kuta bila paa. Wengine walikuta majani yameota pale palipokuwa sebule. Wengine hadi leo hawajarudi. Wamebanana kwa jamaa zilizowapokea mjini, wakingoja kujua kama kuna nyumba ya kurudia.

Kila mara jambo hili linapozungumzwa, hesabu ndizo zinazotangulia: mabati mangapi kwa kila familia, misumari kilo ngapi, turubai ngapi. Hesabu hizo ni za lazima. Lakini kuna maswali ambayo mara nyingi hayaulizwi. Dirisha litazame upande gani? Moshi wa mbabula utokee wapi? Maji ya paa yaende wapi? Baridi ya saa tisa za usiku izuiliwe na nini? Mama anayelala na mtoto mchanga ndani ya mabati matupu kule milimani anajua kwamba hayo si maswali ya matajiri.

Nyumba iliyochorwa mbali, bila kuuliza mvua, baridi, udongo na mwenye kulala ndani, huwa mzigo hata kama imetolewa bure. Kongo imekwisha kulipia somo hilo mara moja. Haifai kulisoma upya kwa gharama ya watu waliokimbia vita.

Miaka ya 1950: wachoraji wa Ulaya wakutana na jua

Kati ya vita viwili vikuu, wachoraji wa majengo huko Ulaya walianzisha mtindo mpya. Paa bapa, kuta nyeupe za zege, vioo vikubwa, hakuna mapambo. Mtindo huo ulizaliwa katika inchi za baridi, ambako watu hulitafuta jua na kulikaribisha ndani. Ulipoletwa Afrika jinsi ulivyo, ulileta taabu. Paa bapa lilishika maji na kuanza kuvuja. Kioo kikubwa kiligeuza chumba kuwa jiko.

Wachoraji wenye akili waliona kosa wakaanza kurekebisha. Le Corbusier, mmoja wa wakubwa wa mtindo huo, alieneza vizuia jua, yaani mbao au bamba za zege zinazowekwa mbele ya dirisha ili mwanga upite lakini jua lisiingie. Waingereza wawili, Maxwell Fry na mkewe Jane Drew, waliofanya kazi Ghana na Nigeria, walitoa kitabu kizima mwaka 1956 juu ya kujenga katika sehemu za joto na unyevu.

Kongo nayo ilikuwa uwanja mkubwa wa majaribio hayo. Mjini Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, Mfaransa Claude Laurens alilijengea shirika la ndege la Sabena majengo ya makaazi. Mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ofisi ya Claude Strebelle ilichora jumba la tamthilia ambalo wakaaji wa huko sasa wanalijua kama Jengo la 30 Juni. Ofisi hiyo iliitwa Yenga, na kila Mkatanga anayelisikia jina hilo anasikia neno lake mwenyewe la kujenga.

Mbinu zao hazikuwa za ajabu. Upande mrefu wa jengo uligeuzwa kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni ligonge ule upande mfupi. Paa lilitokezwa mbele ya ukuta ili kuleta kivuli na kuzuia mvua. Ukuta ulijengwa kwa matofali yenye matundu, hewa ikapita bila umeme. Madirisha yaliwekwa pande mbili zinazotazamana, upepo ukaingia huku na kutokea kule.

Ukichunguza vizuri, mengi ya hayo wazee wa vijijini walikuwa nayo. Nyumba ya majani ya mviringo, ile iliyozoeleka katika milima ya Kivu, paa lake ni kali ili maji yateremke haraka. Ncha za paa zinashuka karibu na chini ili ukuta wa udongo usilowe. Majani yenyewe ni mazito, yanashika joto la moto wa jioni hadi alfajiri. Moshi unapopita ndani ya majani unafukuza wadudu na kulifanya paa lidumu. Mchoraji wa Ulaya alisifiwa kwa kuvumbua kivuli. Bibi wa Masisi hakusifiwa na mtu.

Nyumba nzuri ambazo hakuna aliyeulizwa

Mwaka 1952 serikali ya Ubelgiji iliunda ofisi maalum ya kujenga mitaa ya Waafrika, Office des Cités Africaines, kwa kifupi OCA. Katika miaka michache kabla ya uhuru, ofisi hiyo ilijenga maelfu ya nyumba. Bandalungwa, Matete na Lemba mjini Kinshasa zilipata sura zake hapo. Ruashi mjini Lubumbashi ni hivyo hivyo. Hata Ngagara ya Bujumbura ni kazi yake, na wazee wa huko bado wanaiita OCAF.

Haki inadai kusema mema ya kazi hiyo. Zile hazikuwa nyumba za kuzugia. Zilikuwa za matofali, zilipangwa pamoja na shule, soko, njia za maji na miti. Zaidi ya miaka sitini imepita na watu wanazaliana humo hadi leo. Ni mipango michache ya makaazi tangu uhuru iliyofikia kiwango hicho, na hilo ni aibu kwa waliokuja baadaye.

Lakini kulikuwa na kasoro mbili kubwa. Ya kwanza ni ubaguzi. Mji wa Wazungu na mji wa Waafrika vilitenganishwa na eneo tupu, na sababu iliyotolewa ilikuwa mbu wa malaria. Hali ya hewa ikageuzwa kisingizio cha kuwaweka watu mbali. Mtu akisikia leo kwamba eneo fulani linawafaa wakimbizi kwa sababu za kitaalamu tu, akumbuke kwamba maneno kama hayo yalikwisha kutumiwa kuficha mambo mengine.

Kasoro ya pili ni kwamba wenye kuishi humo hawakuulizwa. Mchoraji aliamua baba, mama na watoto wao ndiyo familia, basi. Hakuhesabu shangazi, wala mtoto wa ndugu anayekuja kusoma mjini, wala wageni wa msiba wanaolala siku tatu. Alifikiria jiko la ndani kama la Brussels, huku wamama wakipika kwa makala katika kiwanja, wakizungumza na jirani. Kilichofuata kinaonekana kwa macho. Wakaaji waliongeza vyumba nyuma, wakatoa jiko nje, wakafungua duka upande wa barabara, wakajenga ukuta. Wataalamu wengine huita hiyo fujo. Kwa kweli ni majibu ya raia kwa swali ambalo hawakuulizwa.

Nyumba ya alumini iliyosafirishwa mara mbili

Mfano wa pili uko ng'ambo ya mto tu, Brazzaville. Jean Prouvé, fundi wa chuma Mfaransa, alitaka kutatua ukosefu wa nyumba katika makoloni kwa kuzitengeneza kiwandani Ufaransa. Vipande vilikuwa vya chuma na alumini, vyepesi, vya kupangwa na watu wachache. Ya kwanza ilipelekwa Niamey mwaka 1949, mbili nyingine Brazzaville mwaka 1951.

Kwa upande wa hali ya hewa, ilichorwa kwa akili. Ilikuwa na baraza kuizunguka pande zote, vizuia jua vya kugeuza, na tundu juu ya paa ambalo hewa ya moto ilitokea. Hata hivyo ziliishia hizo tatu. Bei yake ilishinda nyumba ya kawaida, na hata Wazungu waliokusudiwa kuinunua hawakuipenda sura yake. Fundi wa Brazzaville hakuwa na kipande cha kubadilisha kilipoharibika, maana kiwanda kilikuwa mbali sana. Baadaye zilitobolewa na risasi katika vita vya miaka ya 1990. Kisha wanunuzi wa vitu vya sanaa wakazing'oa na kuzirudisha Ufaransa, na mwaka 2007 moja iliuzwa kwa mnada mjini New York kwa karibu dola milioni 5. Nyumba iliyokusudiwa kumaliza shida ya makaazi Afrika ikawa pambo la tajiri wa Marekani.

Hadithi hiyo inawahusu moja kwa moja watu wa Goma. Hema na vibanda vya kupangwa vinavyofika kwa ndege vina sifa zile zile: vyepesi, vya haraka, vimepimwa na wataalamu. Vina pia ugonjwa ule ule. Turubai, ile bashe ya kambini, ikipasuka, hakuna fundi wa kijiji anayeweza kuishona ikarudi kama zamani. Bawaba ya plastiki ikivunjika, haipatikani soko la Sake. Pesa iliyotumika imebaki kiwandani na kwenye usafiri. Seremala wa Kirotshe na mchonga mawe wa Goma hawakupata franga hata moja.

Kivu si Kinshasa

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya wachoraji wale havikulitazama sana. Waliandika juu ya sehemu za joto kana kwamba Afrika nzima ni joto. Kinshasa iko kwenye mita 300 hivi juu ya bahari, na usiku watu wanatafuta upepo. Goma iko kwenye mita 1 500 hivi, na vilima vya Masisi vinapita mita 2 000. Huko usiku watu wanatafuta blanketi.

Kwa hiyo kanuni zinageuka. Ukuta wa matundu unaoponya mtu wa Kinshasa utamletea nimonia mtoto wa Masisi. Kule chini jua la asubuhi linafungiwa mlango. Huku juu ni vizuri dirisha moja litazame mashariki ili chumba kipate joto mapema. Kule adui ni joto la mchana. Huku maadui ni baridi ya usiku, mvua ya upepo na moshi unaobaki ndani.

Mabati, au manjanja kama wengi wanavyosema, ni mfano mzuri. Yanazuia maji, ni mepesi kubeba na yanadumu. Kila familia inayataka, na ina haki. Lakini yakiwa peke yake, mchana yanawaka na usiku yanatoa jasho linalodondokea kitanda. Mvua ikinyesha, mwalimu haisikiki sauti yake darasani. Dawa yake ni ndogo: dari ya mianzi iliyosukwa au ya mikeka, na nafasi ya hewa kati yake na bati. Mianzi inaota Kivu. Wasukaji wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika neno "dari" katika orodha ya msaada.

Tena Kivu ina volkano na matetemeko. Tarehe 17 januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma hadi ziwani. Tarehe 22 mei 2021 ulirudi ukasimama pembezoni mwa mji, na matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta nyingi za matofali. Bukavu nayo ilitikiswa vibaya tarehe 3 februari 2008. Ukuta mzito usiofungwa kwa chuma au mbao huanguka juu ya watu. Nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe, ambayo wengi huiona ni ya maskini, hucheza na ardhi bila kuua. Baada ya 2002 wakaaji wa Goma walijenga hivyo juu ya mawe yaliyokuwa bado hayajapoa vizuri, bila kungoja mchoraji yeyote.

Mifano isiyo mbali

Wasiotaka kuamini watazame majirani. Huko Butaro, kaskazini mwa Rwanda, hospitali iliyofunguliwa mwaka 2011 ilijengwa kwa mawe ya volkano ya Virunga, mawe yale yale ambayo Goma inayakanyaga kila siku. Wakulima wa huko waliyaona ni kero ya shamba. Mafundi wa huko huko waliyachonga wakayapanga hadi yakawa ukuta unaotamaniwa. Vyumba vilipangwa ili hewa ipande na kutoka, kwa kuwa kifua kikuu huambukiza ndani ya hewa iliyofungwa. Ni jengo la kisasa kabisa, na ni la mahali pale.

Dar es Salaam, soko la Kariakoo lilichorwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970. Paa lake la zege limeundwa kama miavuli iliyogeuzwa: linapokea mvua na kuiteremsha hadi kwenye tangi chini, huku hewa ikizunguka bila mashine. Mtindo ni ule wa zege uliotoka Ulaya, lakini mwenye kuuchora alijua soko la Kiafrika ni nini.

Burkina Faso, Francis Kéré aliwajengea watoto wa kijiji chake, Gando, shule iliyomalizika mwaka 2001. Matofali ni ya udongo uliochanganywa na sementi kidogo. Bati limeinuliwa juu mbali na dari, hewa ya moto ikapata njia. Wanakijiji walijenga wenyewe, wamama wakipiga sakafu. Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika kazi ya uchoraji majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Wote hao hawakukataa ya kisasa wala kurudi kwenye nyumba ya babu. Walichukua sementi, bati na hesabu za shule, wakavipitisha kwanza kwenye macho ya wenyeji.

Wanaopinga wana hoja

Wafanyakazi wa mashirika husema: watu wananyeshewa usiku huu, hakuna muda wa mikutano juu ya dari. Ni kweli. Usiku wa kwanza turubai inaokoa maisha, na anayeileta anastahili shukrani. Lakini usiku wa kwanza hauwezi kudumu miaka mitatu. Mtu anayekaa kambini mvua sita mfululizo hayuko tena katika haraka. Muda wa kumuuliza ulikuwepo.

Wengine husema raia wenyewe wanataka nyumba ya matofali na vioo, wakiletewa udongo au mbao wanajiona wamedharauliwa. Hilo nalo ni kweli, na lisichekwe. Aliyepoteza kila kitu anataka nyumba inayosema kwamba yeye ni mtu. Ndiyo maana haifai kuwaambia waliokimbia wajenge kwa udongo huku mkubwa wa mradi akilala kwenye tofali. Mawe ya volkano, mbao zilizonyooshwa na kupakwa dawa, ukuta wa udongo wenye msingi wa mawe na plasta ya chokaa, vyote vinaweza kuwa na heshima vikijengwa vizuri. Ubaya wa nyumba nyingi za udongo ni haraka na paa fupi, si udongo.

Hoja ya tatu ni ardhi, na ndiyo nzito zaidi. Nani atajenga nyumba ya kudumu kwenye kiwanja asichojua kama ni chake? Wengine wamerudi wakakuta mtu mwingine analima shamba lao. Mchoraji hana jibu la hilo. Jibu liko kwa wenye mamlaka, kwa machifu wa kimila na kwa karatasi inayoandikwa mbele ya mashahidi. Bila hiyo, hata nyumba nzuri kabisa itakuwa sababu ya ugomvi.

Yanayowezekana sasa

Mambo machache hayahitaji mabilioni wala mtaalamu wa ng'ambo.

Kwanza, kabla ya kununua bati moja, wakae na wamama wa kijiji husika nusu siku. Wamama ndio wanaopika, wanaoamka usiku, wanaojua upepo wa mvua unatoka upande gani. Wajenge nyumba moja ya mfano, familia ilale ndani msimu mmoja wa mvua, irekebishwe, ndipo nyingine zifuate.

Pili, kila paa litokeze mbele ya ukuta kiasi cha mkono mzima, na upande mmoja liwe refu zaidi ili pawepo baraza. Hapo mbabula inawekwa bila kujaza moshi chumbani, mgeni anapokelewa, mtoto anasoma mvua ikinyesha.

Tatu, kila paa liwe na mfereji na pipa. Familia ngapi zinabeba bidoni toka ziwani huku mvua ikimwagika bure? Karibu na Nyiragongo tahadhari inahitajika, kwa sababu moshi wa volkano unachafua maji ya mvua na kula mabati. Maji ya kwanza yamwagwe, na yanayobaki yawe ya kufua na kuosha, si ya kunywa.

Nne, pesa ya mbao, mawe na kazi ibaki katika eneo. Kijana anayejifunza kuchonga mawe au kusuka dari kwenye mradi atabaki na kazi mkononi mradi ukiisha.

Tano, chumba kiachwe nafasi ya kuongezeka. Familia zitakua, na wajane na yatima wa vita watapokelewa na ndugu. Msingi uchorwe ukijua hivyo.

Shefu wa kijiji, kiongozi wa mtaa au kamati ya waliorudi inapoletewa karatasi ya mradi wa nyumba, isitie sahihi kwa sababu tu mabati yameonekana kwenye lori. Iulize nani aliichora, kwa ajili ya mvua ya wapi, na ni mama gani wa hapa aliyeulizwa. Ikikosa jibu, ina haki ya kuomba karatasi hiyo irudi ilikotoka, irekebishwe.